Ubao Uliokosa Maji

Dada yangu alipostaafu posta alikaa nyumbani kwa muda mfupi tu. Akapanga upya kabati la vyombo, akagombana na jirani wa kulia, akapatana naye, akagombana na wa kushoto. Kisha siku moja akaja karakana kwangu, akaketi kwenye kochi la mteja ambalo nilikuwa sijalifunga kitambaa, akasema:

"Nafungua chama cha kusoma vitabu."

Mimi ni fundi makochi. Shule niliiacha mapema. Haikunililia, nami sikuililia. Nikamwuliza, "Chama cha mpira nakijua. Cha siasa nakijua. Hiki cha kusoma kinafanya nini?"

"Kinasoma."

"Basi?"

"Basi. Na inuka utafute ubao, nataka kibao cha mlangoni."

Ndivyo alivyo. Miaka yote ile ya kazi alikaa nyuma ya kioo cha posta, watu wamejipanga mbele yake mpaka nje, na kila alipomaliza na mmoja aliita, "Anayefuata!" kwa sauti iliyofika barabarani. Akizungumza nawe unajiona umesimama kwenye foleni na umesahau kitambulisho.

Chumba alikipata kwa Chama cha Wakazi. Hao ndio wenye ukumbi wa mtaa wetu. Wao ndio wanaohangaika na mitaro na taa za barabarani, na wakikutana hugombana kweli kweli, lakini mitaro inazibuliwa. Ubavuni mwa ukumbi kuna chumba chenye dirisha pana linalotazama barabara. Kilikuwa kimejaa viti vibovu. Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa dereva wa malori na hadi leo anazungumza kama anayeshindana na injini, alimwambia Dada:

"Chukua mpaka mkutano mkuu. Nikikuta kina watu, nitakutetea kiwe chenu. Nikikuta kitupu, tunaweka mahema humo. Mahema yanalala nje yanaoza, na mimi ndiye ninayesemwa."

"Utakuta watu," Dada akasema.

Sikuwa nimemwona akitaka kitu namna ile tangu tulipokuwa wadogo. Alihamisha vitabu vyake vyote, akaomba vya marafiki, akavipanga kwenye rafu niliyomtengenezea kwa mbao za chaga. Akanunua pazia. Akafagia mpaka sakafu ikaonyesha rangi ambayo hakuna aliyeijua.

Kilichobaki kilikuwa kibao. Nikatoa ubao wa kichwa cha kitanda kimoja kilichovunjika, mti mgumu, mzuri. Nikamkabidhi shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mwandishi wa mabango. Mtaani wanamwita Brashi. Brashi ana mkono mzuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, ila hapimi. Anasema kupima ni woga. Anaanza kushoto na herufi kubwa kama milango, akifika kulia ndipo anapokutana na matatizo ya dunia.

Akaandika CHAMA CHA WASO. Akasimama. Ilikuwa imebaki nafasi ya herufi mbili. Akafikiri kidogo, akamalizia MI.

Nilipompelekea Dada ubao, aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi.

"Mlete huyo shemeji yako."

Brashi akaja na rangi vidoleni.

"Nilikwambia uandike wasomaji," Dada akasema. "Hapa umeandika wasomi. Maji yako wapi?"

"Maji hayakuingia, Dada. Ubao mfupi."

"Ubao si mfupi," nikasema. "Wewe ndiye mnene wa herufi."

"Lakini si kitu kimoja? Msomaji anasoma, msomi anasoma."

"Msomaji ni mtu anayesoma," Dada akasema. "Msomi ni mtu aliyekwisha kusoma na sasa anatusumbua sisi."

"Basi maji yakimwagika hayazoleki," Brashi akasema, akacheka peke yake.

Hakukuwa na ubao mwingine wa kufaa, na Dada alikuwa na haraka ya kufungua. Tukaupigilia mlangoni. Mimi nilisema, nani katika mtaa huu anasoma vibao? Kumbe wote.

Wiki za kwanza walikuja wanaume wawili waliofunga tai. Waliuliza magazeti ya nje yako wapi, wakabishana nani kati yao ana shahada kubwa, wakaondoka bado wanabishana. Akaja mama mmoja na binti yake, akitaka masomo ya ziada ya hesabu. Baada ya hapo, kimya. Mzee mshonaji, ambaye duka lake liko hatua chache tu kutoka pale, akawa anavuka barabara na kupita upande wa pili, kama mtu anayekwepa ofisi ya kodi. Msusi, ambaye kibaraza chake kinatazamana kabisa na lile dirisha, alinisimamisha siku moja.

"Kaka, pale kwa dada yako wanaingia kwa vyeti?"

"Vyeti gani? Ni kusoma hadithi tu."

"Ubao unasema wasomi."

"Ubao ulikosa nafasi."

"Mimi sijui ulikosa nini," msusi akasema, "ila mimi na nywele za watu mikononi siwezi kwenda kukaa na wasomi wakaniuliza maswali."

Nilimweleza Dada. Alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu, na niliona kuwa haina vumbi. Kila alasiri alikuwa akienda pale, anafungua mlango, anavuta pazia, anaketi akitazama mlango. Mtu aliyezoea foleni ukimpa chumba kitupu ni kama umemfungia. Na mkutano mkuu ulikuwa unakaribia, na mahema bado yalikuwa yanaoza nje.

Sasa, vile viti vibovu. Kuvibeba mpaka karakana kulihitaji mkokoteni, kwa hiyo nikaamua kuvitengenezea mle mle. Nikaingia na sponji, mikanda, misumari midogo na nyundo yangu. Dada alikuwa na kitabu mkononi. Nilipopiga msumari wa tatu akakifunga.

"Nyundo hiyo! Mtu anasomaje?"

"Soma kwa sauti uizidi."

Nilisema kwa ujeuri tu. Lakini Dada ukimwambia azidi kitu, atakizidi. Akafungua kitabu akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya dirishani.

Ilikuwa hadithi ya mjane mwenye nyumba ya wageni. Anakuja mgeni mmoja na sanduku kubwa, anakodi chumba cha nyuma kwa usiku mmoja, asubuhi anasema ataondoka kesho. Kesho yake anasema kesho. Sanduku halifungui. Mjane naye hamfukuzi, na haijulikani kwa nini. Mimi kwanza nilikuwa napiga misumari na kusikia nusu. Baadaye nikajikuta nashikilia nyundo hewani mpaka sentensi iishe, ndipo napiga. Dada akafika mwisho wa sura, akalowesha kidole, akageuza ukurasa na mazoea yakamtoka mdomoni:

"Anayefuata!"

Siku ya tatu au ya nne ya mambo hayo, sauti ikatoka dirishani.

"Samahani, lile sanduku amelifungua?"

Alikuwa msusi. Nyuma yake mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama aliyeona jini.

"Unajuaje habari za sanduku?" Dada akamwuliza.

"Si unatusomea? Tunasikia kutoka kule. Ila lori limepita pale mjane alipokuwa anagonga mlango, hatukusikia kilichofuata. Rudia hapo tu, halafu tunakwenda."

"Ingieni ndani msikie vizuri."

Msusi akainua macho kwenye kile kibao juu ya mlango. "Dada, sisi si wasomi."

"Na huyu je?" Dada akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ndugu yangu shule aliikimbia kama inaungua, na amekaa humu siku zote hizi. Amewauma?"

Mteja akasema, "Mimi kichwa changu hakijaisha."

"Kitaishia humu."

Wakaingia. Msusi akasimama nyuma ya mteja wake akaendelea kusuka, Dada akarudia pale mjane alipogonga mlango. Kesho yake wakaja tena na mteja mwingine, na yule wa jana akarudi na kichwa kilichokamilika, maana alitaka kujua. Halafu mzee mshonaji akavuka barabara, safari hii kuja upande wetu, amebeba suruali mkononi.

"Nimesikia kuna kusomewa," akasema. "Mimi macho yangu herufi yameshakataa. Pindo la suruali naweza kwa kupapasa. Nitasumbua nikishona?"

"Sindano haina kelele, mzee wangu. Karibu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Muuza mboga akaja na mchele wa nyumbani kwake kuuchambua. Mlinzi wa benki akaja kabla ya zamu na viatu vyake vya kung'arisha. Mke wangu, ambaye kwangu akija karakana anasema vumbi linamkohoza, akawa wa kwanza kufika pale na ufumaji wake. Kila mtu alikuja na kazi ya mikono. Nadhani ilikuwa kama ruhusa. Mtu mwenye kazi mkononi haulizwi amesoma mpaka wapi. Amekuja kufanya kazi yake, na hadithi imemkuta hapo.

Aliyefukuzwa ni mimi. Siku moja nilipoinua nyundo, chumba kizima kilinigeukia.

"Kaka, na wewe!" akasema msusi.

"Mimi ndiye niliyeanza kukaa humu!"

"Ndiyo, na tunakushukuru. Nyundo nje."

Nyundo ikabaki karakana. Nikawa naja na foronya za mito ya makochi, nashona kwa mkono, kazi ambayo kwa kawaida nampa mtu mwingine.

Na kelele zilikuwepo, lakini si za nyundo. Wao wanasikiliza kama wanaotazama mpira.

"Huyo mjane angekuwa mimi, mgeni angeshalala barabarani," akasema muuza mboga.

"Huyajui mapenzi wewe," akasema mke wangu.

"Mapenzi gani na mtu asiyefungua sanduku?"

"Wengine tumeolewa nao," mke wangu akasema, akanitazama. Chumba kikacheka mpaka mzee mshonaji akajichoma sindano.

Dada alikuwa amenenepa usoni kwa furaha. Mwisho wa kila sura, "Anayefuata!" na wote wanaitikia kwa pamoja, "Nipo!"

Siku moja kabla ya mkutano mkuu, mwenyekiti akaja. Hakugonga. Akasimama mlangoni akatazama msusi, akatazama mchele, akatazama viatu vya mlinzi na foronya zangu. Dada akanyamaza katikati ya sentensi.

"Nimeambiwa na mwanachama mmoja kuwa chumba hiki kimegeuzwa karakana," mwenyekiti akasema. "Nikabisha. Sasa naona nimebishia kweli."

"Ulisema ukute watu," Dada akamjibu. "Hawa ni watu."

"Watu nawaona, dada yangu. Lakini kanuni ya ukumbi unaijua. Vyumba havifanyiwi kazi za biashara. Ninyi mmesema chama cha kusoma. Mimi hapa naona saluni, naona fundi cherehani bila cherehani, naona…" akanitazama, "naona na wewe. Kochi langu lile umelisahau?"

"Liko tayari tangu Jumatatu."

"Kesho nitasimama mbele ya watu niseme nini?"

Mtu mwingine angebishana. Lakini Dada alikula mkate wa kanuni maisha yake yote. Watu walimlilia dirishani akawaambia kanuni ni kanuni. Nikamwona rangi inamtoka usoni. Alitazama rafu, akatazama pazia lake. Halafu akasema, polepole:

"Ni kweli. Kanuni ni kanuni. Jamani, wekeni kazi chini."

Hakuna aliyeelewa kwanza.

"Wekeni chini. Anayetaka kazi yake aende nayo, simlaumu. Anayetaka hadithi abaki. Mimi naendelea kusoma."

Nikajua anacheza kamari na chumba chake. Kama watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya kivuli na maongezi tu, wangeondoka sasa hivi, mwenyekiti akiona kwa macho yake, na mahema yangelala humo kesho.

Msusi akaachia nywele. Mteja wake akashika zile zisizosukwa kwa mkono wake mwenyewe zisimwangukie. Mzee mshonaji akachomeka sindano kwenye kola na kukunja suruali. Ungo wa mchele ukawekwa sakafuni. Hakuna aliyeinuka.

Dada akasoma.

Sijapata kuona kitu kigeni kama kile. Watu wazima wamekaa wima, mikono magotini, hawajui kuifanyia nini. Kidole gumba cha mzee mshonaji kilikuwa kinasukuma sindano ambayo haipo. Mlinzi alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kingine pembeni, na hakuthubutu kukivaa. Mke wangu vidole vyake vilikuwa vinafuma hewa. Mwenyekiti alisimama kwanza. Baadaye akavuta kiti, kimoja cha vile nilivyotengeneza, akakijaribu kwa mkono kama mtu anayenunua, akaketi. Mjane akafika mlango wa chumba cha nyuma akiwa na ufunguo wa akiba. Akauingiza. Sura ikaisha.

"Anayefuata," Dada akasema, kwa sauti ndogo safari hii.

"Nipo," wakaitikia.

Mwenyekiti akavua kofia akajikuna.

"Jamani, mmekaa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Shikeni kazi zenu, mnanitisha." Halafu akamgeukia msusi. "Wewe. Mteja anakulipa humu?"

"Hapana. Ananilipa kibarazani kwangu."

"Iwe hivyo hivyo. Biashara ni pale pesa inapobadilisha mkono. Kama hamlipani humu, mimi sioni biashara, naona watu wasioweza kukaa bure. Hiyo nitaitetea." Akainuka, akafika mlangoni, akarudi. "Lakini ule ubao, hapana. Nusu ya wakazi wananiuliza kwa nini nimewapa wasomi chumba. Nikiwaambia njooni mwone, watawaona ninyi. Ninyi ni wasomi?"

Mzee mshonaji alikuwa anatafuta sindano kwenye kola yake.

"Sisi ni wasomewa," akasema, bila kuinua kichwa.

Muuza mboga akaanza kucheka, kisha msusi, kisha mwenyekiti kwa ile sauti ya lori. Dada peke yake hakucheka. Alilirudia neno kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikitembea.

Asubuhi ya mkutano tukaushusha ubao. Nikaunganisha kipande pembeni kwa gundi na misumari. Mti ule ule sikupata, kwa hiyo kipande kilikuwa cheupe zaidi, kinaonekana kabisa kuwa ni kiraka. Brashi akafurahi.

"Sasa nafasi ipo! Naweza kurudisha maji."

"Usirudishe maji," Dada akasema. "Hiyo I ya mwisho igeuze E. Halafu ongeza WA."

"Wasomewa? Kuna neno kama hilo?"

"Lipo tangu jana."

Brashi akaongeza vistari vitatu kwenye ile I, na kwenye kiraka akaandika WA. Hata hapo hakupima. WA ikatoka kubwa kuliko herufi zote, kama inapiga kelele.

Alasiri mkutano ukaanza ukumbini. Ilimbidi Dada aende, na sisi tulikuwa tumekwisha kukaa chumbani kwetu na kazi zetu, ukuta mmoja tu kati yetu na waliokuwa wanatuamua. Mjane alikuwa bado ameachwa na ufunguo mlangoni.

"Utuache hivi?" muuza mboga akalalamika. "Mpaka umalize mkutano?"

Dada akatazama chumba, akaja moja kwa moja kwangu, akaniwekea kitabu juu ya foronya.

"Soma wewe."

"Mimi? Unanijua mimi."

"Nakujua. Soma."

Akatoka. Ningefanya nini? Nikasoma. Mimi kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayevuka mtaro kwa kupita juu ya ubao mwembamba. Nikikutana na neno refu nasimama, nalitazama, natafuta pa kuweka mguu. Walinivumilia. Ukutani tulisikia sauti zikipanda na kushuka, mara mwenyekiti, mara mtu anataja mahema, mara kicheko. Kila zikipanda msusi alisimamisha mkono, na mimi nikasimama, na mzee mshonaji akasema, "Endelea, kijana, huko hatuna la kufanya." Kijana, mimi, na mvi hizi.

Mjane akafungua mlango. Mgeni alikuwa ameketi kitandani na sanduku magotini. Nilipofika mwisho wa ukurasa mmoja, msusi alikuwa amemaliza kichwa kizima.

"Kaka," akasema, "ukisoma wewe mimi nitatajirika."

Wakacheka, na katikati ya kicheko nikaona Dada amesimama mlangoni. Sikujua amekuwa hapo tangu lini. Macho yake yalikuwa na maji, yale maji Brashi aliyoyakosa, na uso wote ulikuwa unacheka.

Akavuta hewa kifuani, akasimama kama aliyesimama nyuma ya kioo chake, akaita mpaka barabarani wakageuka:

"Anayefuata!"

"Nipo!" tukaitikia, na mlinzi akagonga sakafu kwa kiatu.

Nikamnyooshea kitabu. Hakukipokea. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na mke wangu, akachukua foronya yangu, akatafuta sindano nilipoiachia, akaanza kushona.

"Soma," akasema. "Amelifungua sanduku au hajalifungua?"